Vanishi ya Koti Mbili

Mtaani wanamwita Koti Mbili, kwa sababu ukuta wowote anaoupaka rangi lazima aupige makoti mawili, yaani rangi mara mbili, hata kama mwenye nyumba kalipia moja. Mlango nao hakabidhi bila kuupaka vanishi ya kung'arisha mbao. Ubishi huo ndio uliomponza.

Asubuhi hiyo alikaa kwenye treni na mkewe, kifurushi bapa kimelala mapajani, jasho likimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na picha. Mkewe ni fundi cherehani; alianza kuchora kwa chaki ya kuchorea vitambaa, baadaye akanunua chaki za rangi, na sasa wasanii wa mji mdogo kando ya mto walikuwa wamemwita atundike picha moja ukumbini kwao. Kamchora mumewe akiwa juu ya ngazi, mgongo umegeukia watu. Koti Mbili aliipenda picha hiyo kupita kiasi. Jana yake mchana, mama watoto alipokwenda saluni, akaona si haki kazi nzuri namna ile iende kwa watu bila kumaliziwa. Akaipiga vanishi.

Chaki si mlango. Aliiona ikiinywa vanishi, ikawa nyeusi, ngazi ikachuruzika mpaka mgongoni. Akaifunga karatasi haraka haraka, akakaza kamba, na tangu hapo mdomo ukawa mzito.

"Baba, mbona umekishika hivyo, mmebeba keki?" mama mmoja wa kiti cha mbele akamtania.

"Picha," mkewe akajibu kwa niaba yake. "Yangu."

Kila kituo alijiambia: hapa namwambia. Treni ikasimama, ikaondoka, naye akakaza tu kamba ya kifurushi. Akilini alimwona mkewe mbele za watu, na lile gauni alilojishonea kwa ajili ya leo, akifungua kamba.

Wakashuka. Mto ulikuwa pale pale nyuma ya stesheni, na njia ya ukumbini iliufuata ukingo, katikati ya vibanda vya wafinyanzi na wachonga vinyago. Wengine walitembea wakicheka. Yeye aliburuta miguu. Ukumbi ulipoonekana, akasimama.

"Mama watoto. Niliipiga vanishi."

"Najua."

"Unajua?"

"Harufu ya vanishi nimelala nayo tangu unioe, nisiijue leo? Niliifungua asubuhi ulipokuwa unaoga."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utaniacha niifungue mbele za watu. Vituo vyote vile, baba watoto! Nilishaanza kukata tamaa na wewe."

Wakaingia. Kuta zilijaa picha, na katikati palikuwa na msumari mtupu, chini yake kikaratasi chenye jina la mkewe. Mkewe akaupita bila kuutazama, akaenda kuangalia kazi za wenzake, macho mekundu.

Koti Mbili akasimama chini ya ule msumari, kifurushi kwapani. Waliopita wakauliza picha ya hapa iko wapi.

"Ni ya mke wangu," alimjibu kila mmoja, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa ukumbi. "Ilikuwa nzuri sana. Niliiharibu mimi."