Kaye ya Bulu

Nikifungua chupa ya wino mweusi, hata leo, pua yangu inapata harufu ya baruti. Wanafunzi wangu wananicheka. Wanasema wino unanuka wino tu, Madame anazeeka. Wacheke. Wao walizaliwa baada ya vita, na wale waliozaliwa wakati ule hawana hamu ya kucheka kuhusu mambo hayo.

Papa, baba yangu, alikuwa mchoraji wa vibao hapa Bunia. Kibao cha saluni chenye kichwa cha mwanamke aliyesukwa, kibao cha famasi chenye nyoka, vyote vilikuwa vyake. Jioni, kwa ajili yake mwenyewe, alichora kwa wino na rangi za maji, vitu vidogo vidogo: jogoo, kiatu, mama anayeuza makala ya kuwashia jiko. Na alikuwa na haraka, jamani! Alikula fufu ikiwa bado inatoa moshi. Alimaliza sala kabla ya sisi kufika kwenye amina. Neno lake kubwa lilikuwa "mbio". Oga mbio, vaa mbio, lala mbio. Katika maisha yangu yote ya utoto sikumbuki kuchagua kitu mwenyewe, maana kabla sijaamua rangi ya kandambili yeye alikuwa ameshazilipia na yuko barabarani ananiita.

Mimi nilimwiga. Nilichukua wino wake nikachora kwenye kaye zangu, madaftari ya shule, na ule wino ukapenya mpaka ukurasa wa nne, ukafunika hesabu na sarufi. Mwalimu alinichapa. Papa hakunichapa. Alinishika mkono asubuhi ya siku iliyofuata tukashuka kutoka mtaani kwetu Saio mpaka mjini, kwa Mama Vero, mwenye papeteri, duka la karatasi na kalamu, kununua kaye ya kuchorea iliyo kaye kweli.

Mama Vero alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakuwa wa kabila letu. Kabila gani, siandiki. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo haitawasaidia kitu. Alitoa kaye alizokuwa nazo akazipanga juu ya kontwari, meza yake ya kuuzia. Papa alipitisha kidole gumba kwenye karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara moja moja tu.

"Ile ya kijani. Twende, mbio."

"Papa, mi nataka ya bulu!"

"Ya bulu iko ya bure, haina maana. Inakunywa wino mpaka nyuma."

Lakini jalada la ya bulu lilikuwa linang'aa, na ya kijani ilikuwa na rangi ya matope ya mtaroni. Nililia. Nililia kwa hasira yote ya zile kandambili ambazo sikuzichagua. Na katikati ya kilio changu, risasi zikaanza upande wa soko.

Mama Vero alifunga mlango wa chuma akachungulia tunduni. Tulisikia watu wakikimbia, kisha mwanamke akipiga kelele, kisha kelele yake ikakatika, na kulikuwa na mlio mwingine kama wa mtu anayepasua kuni.

"Banakuya," alisema. "Wanaingia nyumba kwa nyumba, wanatafuta watu wa kwenu. Baba, ingia nyuma na mutoto. Wakimusikia, wanatuua siye wote."

Papa alinibeba mpaka nyuma ya rido, lile pazia la mlango wa ndani, kwenye chumba cha makartoni. Mimi bado nilikuwa nalia. Alirudi kontwarini akachukua ile ya kijani na ile ya bulu, akazifungua sakafuni, akanipigisha magoti mbele yazo. Na akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake:

"Haya, sasa tuangalie muzuri. Tuko na wakati."

Aka! Papa na wakati! Nilinyamaza kwa mshangao.

Alichovya kidole kwenye chupa yangu ya maji ya shule akadondosha tone moja kwenye kila karatasi. "Angalia ile tone," alinong'ona. "Karatasi mubaya inakunywa mbio. Karatasi muzuri inangojea. Usiinue kichwa mpaka ikauke. Na usiseme kitu, ukisema pumzi yako itasukuma maji, tutakosa kujua."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Tone la ya bulu lilizama palepale, karatasi ikajikunja. Lile la ya kijani lilikaa juu, duara, linang'aa.

Walipiga mlango kwa kitako cha bunduki. Walisema watachoma nyumba. Mama Vero akafungua. Chini ya rido niliona miguu: buti za raba, ndala, na miguu mitupu yenye damu isiyokuwa yake. Mmoja alikuwa anaburuta panga kwenye simenti.

"Nani yuko ndani?"

"Niko peke yangu na makaye yangu. Muna haja ya kaye?"

Walimpiga na kitu kizito usoni. Alianguka, na jino lake likaja likizunguka mpaka karibu na rido. Alipopata pumzi alisema tena, kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe, kwamba hakuna mtu.

Buti zikaelekea kwetu. Papa aliweka kiganja juu ya kichwa changu akanikandamiza chini, akadondosha tone lingine kwenye ya kijani. "Ngojea na hii," alisema sikioni mwangu. Kisha akasimama, akapita kwenye rido na mikono juu.

"Ni mimi. Niko peke yangu."

Walimrukia. Sikuona, nilisikia. Kila walipomtupa kwenye kontwari, sakafu ilitikisika na lile tone likatetemeka, nami nilikasirika kwa sababu walikuwa wanaliharibu. Mmoja alimtambua. "Huyu si ule fundi wa vibao?" Walicheka. Waliuliza ni mkono gani anaochorea. Waliuweka mkono wa kuume juu ya kontwari wakaupiga kwa kitako cha bunduki, tena na tena, mpaka ule mlio ukabadilika. Papa alilia kama mtoto. Nilitaka kuinuka. Mkojo ulinitoka. Lakini tone lilikuwa halijakauka, na Papa alikuwa amesema.

Walimburuta nje. Nilisikia mateke, kisha milio mikubwa ya bunduki upande wa uwanja wa ndege, na wale watu wakakimbilia huko. Mama Vero, mdomo wake ukitiririka damu, alitoka peke yake akamvuta Papa kutoka mtaroni kwa kola ya shati. Jicho moja la Papa lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Ule mkono sitausimulia. Alisogea kwa magoti mpaka kwangu.

"Umechagua?"

Nilikuwa na neno moja tu kichwani. "Ya bulu."

Papa aliangalia ile kaye, jalada lake linalong'aa, karatasi yake iliyojikunja kwa tone moja la maji. Yeye, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho.

"Haya. Ya bulu. Twende, mbio."

Vidole vile havikushika tena burashi. Vibao vilivyofuata niliviandika mimi, yeye nyuma yangu akipiga kelele kwamba nakawia. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba siku ile, katikati ya yale mauaji, Papa alinifundisha kupima karatasi. Nilijivunia somo hilo. Niliwafundisha hata wanafunzi wangu, tone la maji na kila kitu.

Mwaka jana nilikuwa dukani, nikapitisha gumba kwenye karatasi moja, na nikajua palepale, bila maji. Nikasimama na ile kaye mkononi, muuzaji akaniuliza kama naumwa. Kumbe Papa alikuwa ameshachagua. Alishasema "ile ya kijani" kabla ya risasi ya kwanza. Hakukuwa na kitu cha kupima. Alitafuta tu kazi ndefu kuliko zote za kumpa mtoto mwenye mdomo mpana, kazi inayofanywa kichwa kikiwa chini na mdomo ukiwa umefungwa.

Nilipanda Saio siku hiyohiyo nikamkuta anakula. Nilikaa mbele yake.

"Papa, ile siku kwa Mama Vero. Ulikuwa umeshachagua ya kijani."

Alitafuna kwanza.

"Na weye ukachagua ile ya bulu, ya bure kabisa," alisema, akanisogezea sahani kwa mkono wa kushoto. "Kula mbio, fufu inapoa."