Plagi ya Nne

Harufu ya petroli ikinipata asubuhi, hata leo, moyo wangu hutazama juu kutafuta wingu. Mwaka ule tulihamishwa kutoka Goweko tukapelekwa kijiji cha Ujamaa ng'ambo ya mbuga, nyumba zimepangwa mistari, nyuma yetu msitu wenye mbung'o. Masika mbuga ilijaa maji, na aliyekuwa kijijini hatoki. Bibi, mama yake mama, miguu ilikuwa imemkataa, akabaki kwanza kwenye nyumba ya zamani. Kabla ya mvua akatuma salamu kwa mpita njia: nimeshafunga mzigo, njooni mnichukue.

Pikapu ya baba ilikuwa imelala, plagi zimeungua, na vipuri enzi zile, weee, adimu kuliko sukari. Plagi nne zilipopatikana Tabora mjini, wingu jeusi lilikwisha kutanda. Baba alikuwa dereva stadi, na mimi bintiye alishanifundisha: puliza vumbi kwenye tundu la injini, plagi ianze kwa vidole mpaka ikatae, ndipo spana ikaze kidogo. Tatu alizifunga hivyo hivyo. Ya nne, radi ikapiga, akaishindilia kwa spana tangu mwanzo. Ikaingia upande. Mama akasema polepole, "Baba Monika, itoe uanze tena." Baba akakaza. Haraka haraka haina baraka, tunaimba tu. Mimi niliisikia ikilia, chuma kikila chuma. Meno ya tundu yakaisha, plagi ikawa inazunguka bure, haishiki.

Jioni ile mvua ikashuka, pikapu haijawaka. Masika yote tulikaa tukiitazama mbuga, na mama hakumlaumu baba hata siku moja. Nilimchukia baba, nasema wazi. Mbuga ilipokauka tulikwenda kwa miguu. Majirani wachache waliosalia kule walikuwa wameshamzika Bibi. Mzigo wake ulikuwa mlangoni, bado umefungwa.

Siku hizi plagi zinauzwa kila mtaa, na barabara inapitika masika na kiangazi. Juzi nilifunga mpya kwenye pikapu yangu, baba amekaa kiti cha pembeni. Uzee umemchanganyia miaka. Akaniuliza, "Umeanza kwa vidole?"

"Ndiyo, baba."

"Zote nne?"

"Zote."

Akavuta mlango, akaufunga. "Basi washa. Mama mkwe anangoja."

Nikawasha. Ikaitika mara moja.