Gari Lililojua Kupiga Magoti

Mimi nimeishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilifika kwa sababu mwalimu wa la sita alichoka kuniona. Lakini watu wakitaka habari kamili za mtu hawaendi kwa wenye digrii, wanakuja kwangu. Basi kaeni niwape za shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, fundi wa makochi. Sina nia ya kumsengenya. Nikitaka kumsengenya huwa nangoja awepo, asipitwe na utamu.

Na ni fundi kwelikweli. Mpelekee kochi lililokaliwa na vizazi vitatu, lenye shimo la kumeza mtoto, atalivua kitambaa, ang'oe misumari, afunge springi upya, apange sponji, na siku ya kulichukua utaona haya kulikalia. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba. Upande mmoja yeye na makochi yake, upande wa pili dada yangu na cherehani yake ya mapazia. Shemeji ni mgonjwa wa kitu kimoja tu: ngozi nzuri ya kiti. Mwenzake akipita barabarani kavaa viatu vya ngozi, shemeji anamsalimia mguuni kwanza.

Ni ngozi hiyo iliyomletea gari. Mkurugenzi mmoja alimletea gari lake amshonee kiti cha dereva kilichopasuka. Gari jeusi, kubwa, la kifahari, la petroli tupu, lenye umri wa kuoa. Mwenyewe mkurugenzi alishaagiza jipya la haibridi, haya ya petroli na umeme, na hili kongwe alikuwa anatafuta pa kulitua. Shemeji akaingiza kichwa ndani, akafumba macho, akanusa viti. Nilikuwepo. Mwanamume akinusa kitu namna ile, ujue kesi imekwisha, kilichobaki ni hukumu tu.

Dada yangu aliuliza swali moja. "Linakunywaje?"

"Mke wangu, gari kama hili huulizi linakunywaje. Unauliza linakwenda wapi."

Akalinunua, na haukupita muda tukajua linakwenda wapi: kituo cha mafuta. Likitoka kituo cha mafuta linakwenda gereji, na likitoka gereji linapitia kituo cha mafuta kuaga. Mtaa ukalibatiza jina Mlevi. Shemeji akajifanya hasikii. Kila Jumapili analipaka ngozi mafuta, anafuta vioo, analiwasha lingurume kidogo, kisha analizima, anatazama kushoto na kulia aone nani kaona.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mlevi alikuwa na ufundi mmoja ambao hata mimi uliniziba mdomo, na mimi mdomo wangu hauzibiki kirahisi. Halikukalia springi za chuma. Lilikalia mifuko ya mpira inayojazwa upepo. Ukibonyeza kitufe, upepo unatoka, fuuu, gari zima linashuka taratibu kama mtu anayepiga magoti. Ukishapanda, unabonyeza tena, linainuka.

Na ufundi huo ulikuja kuwa na kazi. Dada yangu alikwenda kutundika pazia kwa mteja, ngazi ikateleza, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na fremu ya kutembelea. Akaambiwa kila wiki afike kwa dada wa mazoezi ya viungo, na dada huyo hakumumunya maneno: "Mama, mguu huu ni kama mlango mpya. Usipoufungua-fungua sasa, utakaza, na ukikaza hutatembea tena bila fremu." Dada yangu ana miaka hamsini na kitu. Mapazia hayatundikwi ukiwa na fremu.

Hapo akaingia mkwe. Mkwe ni mume wa binti yao, kijana mpole, kazi yake kusambaza dawa madukani kwa kigari chake cha haibridi. Tumekiita Paka, kwa sababu kinatembea bila kusikika; unashtukia kipo miguuni. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja karakanani, akasimama mlangoni kwa adabu.

"Baba, nitampeleka mama mimi. Njia yangu inapita palepale."

Shemeji hakuinua macho kwenye kochi. "Katika kikombe hicho? Mke wangu si kijiko."

"Ndani kuna nafasi, baba. Na kipo chini, hapandi juu."

"Gari lisilonguruma, mwanangu, ni kama mwanamume anayeingia kwake bila kukohoa. Watu watadhani kuna wizi."

Nikaongeza langu, maana sikuzaliwa nikae kimya: "Mwache mkwe. Paka wake anamtembeza wiki nzima kwa mafuta ambayo Mlevi wako anasukutulia tu."

Tulicheka. Mkwe naye alicheka, kichini-chini. Shemeji hakucheka. Alitoka, akabonyeza kitufe, Mlevi akapiga magoti mbele ya mtaa mzima, dada yangu akaketi kwenye ngozi kama malkia. Shemeji akanikonyeza. "Umeona? Lako lini litampigia mtu magoti?" Mimi nina baiskeli.

Wiki za kwanza walikwenda vizuri. Dada yangu akaanza kuachia mkono mmoja kwenye fremu. Kisha asubuhi moja tukamkuta Mlevi kalala magoti peke yake, kama ngamia aliyegoma, na kitufe kikibonyezwa pampu inalalamika tu. Fundi gereji akaja, akachungulia uvunguni, akasema mifuko imepasuka, yote ya kubadilisha. Akataja bei. Shemeji akacheka, akidhani ni utani. Fundi gereji hakucheka.

Sasa sikilizeni mwenye akili zake alifanya nini. Alisema springi ni springi. Tangu lini fundi wa makochi akashindwa na kitu cha kukalia? Akapandisha gari kwa jeki, akatoa mifuko iliyopasuka, akashindilia juu ya magurudumu yote manne sponji ngumu ya makochi ya hotelini, matabaka kwa matabaka, akaibana kwa mikanda ile ya kuwamba chini ya kochi. Aliposhusha jeki, gari lilisimama. Lilisimama kuliko lilivyowahi kusimama. Lilisimama kama askari aliyeitwa na mkubwa wake. Majirani wakapita wakasema, fundi, gari limepona! Akajibu, "Mkono wangu huo."

Ila halikushuka tena. Mtu mzima mwenye miguu miwili mizima alilipanda kwa kushika mlango na kutaja jina la Mungu. Siku ya mazoezi ilipofika, shemeji alilizunguka mara kadhaa, akapima kwa macho mlango na nyonga ya mkewe. Angeweza kumwita mkwe. Simu ilikuwa mfukoni. Badala yake akaingia ndani, akamwambia mke wake: "Wamepiga simu. Mazoezi yameahirishwa, mtaalamu hayupo. Watatuita."

Wiki iliyofuata akasema vilevile. Na iliyofuata. Haya nayajua kutoka kinywani mwake mwenyewe, siku nyingine, akiwa anavuta uzi na sindano bila kunitazama. Aliniambia uongo wa kwanza ulimtoka kama chafya. Wa pili aliulalia usiku, hakupata usingizi. Wa tatu hakuutafuta, aliukuta umeshakaa mdomoni. Kila akimwona mkewe anavyoburuta mguu kuelekea cherehani, alikuwa anajisemea, nikipata mifuko ya upepo tu, mambo yatakaa sawa. Mkono uliokwishaachia fremu ulirudi kuishika.

Nilikuwepo simu ilipolia. Ilikuwa asubuhi, nimekwenda kunywa chai ya watu. Dada yangu alikuwa kwenye pazia la kitambaa kizito, mikono imejaa, akaniambia, "Kaka, nipokelee, weka sauti kubwa." Nikaweka.

"Mama, habari za siku? Tumekukosa hapa mazoezini. Hukuja wiki zote hizi, hata simu hujapiga. Mimi nipo kila siku nakungoja. Nimeambiwa nafasi yako apewe mgonjwa mwingine. Ukiweza kufika leo kabla ya saa sita nitakutetea. Ikipita leo, sina la kufanya."

Cherehani ilinyamaza. Shemeji alikuwa na misumari midogo midomoni, kama kawaida ya mafundi wa makochi. Aliitema mmoja mmoja kwenye kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta ule wenye jibu.

Dada yangu akasema kwenye simu, "Nakuja, mwanangu." Halafu akamgeukia mumewe. Nilidhani atafoka. Laiti angefoka! Alimuuliza taratibu tu: "Baba watoto, nani alikuwa anakupigia?"

Shemeji akaiweka misumari juu ya kochi. Nikatazama chai yangu.

Shemeji akatoka mbio, akafungua mlango wa Mlevi. "Twende, nitakubeba!" Akamshika mkewe kiunoni, akamwinua. Dada yangu akapiga ukelele ambao sijausikia tangu tukiwa watoto, siku aliyomwagikiwa na maji ya moto. Nikamrukia shemeji, tukamshusha, tukampa fremu yake. Jasho lilikuwa linamtoka dada yangu puani. Majirani wameshatoka. Wale wale waliosema gari limepona.

"Mpigie mkweo," dada yangu akasema.

"Mama watoto, ngoja nitafute kigoda..."

"Wewe. Kwa mdomo wako. Hapa, nasikia."

Shemeji akapiga simu. Huyu mtu huwa anaongea na wateja utadhani ana redio tumboni, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. "Mwanangu... uko wapi? Nilikuwa naomba... mama yako... naomba lile gari lako." Mkwe hakuuliza kwa nini. Alikuja mapema kuliko tulivyotazamia. Hatukumsikia, tulimkuta tu yuko pale.

Na kijana yule, Mungu amzidishie, hakutaka kumwaibisha mkubwa wake. Alimfungulia mama mlango, mama akaingia kwa kurudi nyuma na kuketi, kazi imekwisha. Kisha akampa shemeji ufunguo. "Endesha wewe, baba. Mimi nitakaa nyuma na mjomba."

Shemeji akaketi, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya vilevile. Akapiga usukani kwa kiganja. "Hata hili limekataa!"

"Lilikuwa limewaka, baba. Sasa umelizima."

Siku nyingine ningeuita mtaa mzima uje kucheka. Nilijing'ata ulimi. Nilimwona kwa nyuma, shingo imemwiva, masikio yamesimama. Akabonyeza mara ya tatu, akatia gia, tukaondoka bila mlio, na njia nzima hakuna aliyesema neno. Katika Mlevi ungeweza kuficha ukimya wako ndani ya ngurumo. Mle ndani hapakuwa na pa kuuficha. Kila dada yangu alipovuta pumzi kwenye tuta, sote tulisikia.

Tulifika kabla ya saa sita. Dada wa mazoezi akamwingiza dada yangu kwenye chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia huku na huku. Mkwe akabaki na gari. Shemeji aligoma kuingia. Akasimama kwenye ukumbi, mgongo ukutani, kofia mkononi, nami kando yake. Mlango haukufungwa vizuri.

Tulisikia mguu unapimwa. Tulisikia, "Unakaza, mama. Ulikuwa unapinda mpaka hapa, sasa unaishia hapa." Kisha: "Niambie ukweli nikusaidie. Kwa nini uliacha? Ni maumivu? Ulikata tamaa?"

Dada yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni gari tu, mwanangu. Gari letu lilikuwa bovu."

Nikamtazama shemeji. Nimemwona akifiwa, nimemwona akiibiwa, nimemwona akirudishiwa kochi na mteja mbele za watu. Sijawahi kumwona vile. Angetukanwa angevumilia; kutetewa ndiko kulikomvua nguo. Alikunja kofia mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nyamaza tu, kakusitiri." Nilidhani namsaidia.

Akasukuma mlango.

"Si gari," akasema. "Ni mimi. Nilimwambia mmeahirisha. Nilimwambia hivyo kila wiki. Niliona haya kumwomba mkwe wangu kigari chake."

Dada wa mazoezi akamtazama, akamtazama dada yangu, akatazama saa ya ukutani. Alikuwa mdogo kuliko binti yao. Sijui alitaka kusema nini, ila alichosema ni hiki: "Nawa mikono, baba. Simama nyuma yake. Mkono mmoja hapa kwenye mkanda niliomfunga kiunoni, usimvute, usimwinue. Yeye atembee, wewe ufuate."

Shemeji akanawa. Akasimama nyuma ya mkewe kati ya vile vyuma, mkono kwenye mkanda, kichwa kimeinama. Dada yangu hakugeuka kumtazama. Alishika vyuma, akainua mguu mbovu kidogo, akauweka, akaguna kwa maumivu.

"Usinipumulie kisogoni," akamwambia.

"Samahani."

"Na usiniombe samahani hapa, nitaanguka. Utaniomba nyumbani."

"Sawa, mama watoto."

Akainua mguu tena. Naye akafuata.