Siku Bi Halima Alipomfungia Mwenye Kampuni

Kuna siku moja siisahau, mwanangu. Bi Halima, msimamizi wa mfumo wetu, alimwondolea mwenye kampuni ruhusa ya kufungua akaunti za wateja. Kisha akajiondolea na yeye mwenyewe.

Nilikuwa kijana, mgeni kazini hapa Kitale. Tuliwatunzia wakulima wa Ndalu, Chwele hadi Malakisi habari zao mtandaoni: mazao yaliyo ghalani na siku ya kuyapeleka sokoni. Ofisini sote tuliingia kwa jina moja, "ofisi", na neno moja la siri lililobandikwa ukutani. Tulijiita familia: ukienda kula, mwenzako anamhudumia mteja wako.

Ndipo akaja Mama Nekesa, mwenyekiti wa kikundi cha Chwele. Vitunguu vyao vilikuwa vimedoda. Washindani walijua siku yao, wakawatangulia sokoni na pikapu zilizojaa.

"Hiyo siku tuliandika kwenu tu," akasema. "Sasa nani alitusoma? Mkiendelea hivi, sisi tunatoka."

Bi Halima hakubishana naye. Alikiwekea kila kikundi akaunti yake, na kila mfanyakazi jina lake na ruhusa za kazi yake tu. Mimi nikabaki na Ndalu peke yake, nikanuna.

Mzee mwenye kampuni akaja juu. "Halima, ati mimi nipige hodi kwa nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako, Mzee, lakini vyumba umepangisha. Si unajua mpangaji haingiliwi hivyo?"

"Na wewe je?"

"Mimi pia napiga hodi. Mteja akinifungulia, jina langu linabaki pale kwenye kumbukumbu."

Mzee akacheka bila kupenda, akaondoka. Mpaka leo sijaona ujasiri wa kimyakimya kama ule.

Sasa wewe umekabidhiwa mfumo kule Bungoma. Usijivunie wingi wa ruhusa. Chukua zinazotosha kazi yako. Neno lako la siri usimpe mtu, hata akikuita ndugu. Mwenzako akiacha kazi, mfungie siku hiyo hiyo, kisha muage vizuri. Mungu akulinde, jina lako liwe safi popote linapoandikwa.

Mama Nekesa alibaki nasi, lakini swali lake halijajibiwa. Kumbukumbu za mfumo za siku zile zinaonyesha kwamba aliyefungua habari za Chwele ni "ofisi", na ofisi tulikuwa sisi sote. Tukikutana Chwele hunisalimu vizuri, halafu huniangalia kidogo zaidi.