Friji ya Sebuleni

Biashara ilipofunguliwa na mizigo ya Dubai ikaanza kufika Dodoma, mtu mwenye cheo alijulikana kwa sebule yake. Sebule hizo niliziona nyingi, kwa sababu nilikuwa najifunza ufundi redio kwenye karakana moja ya Kizota. Shule niliiacha darasa la sita, wazazi wetu walipofariki kwa kufuatana, nikabaki na wadogo zangu watatu. Umeme sikuusoma kwenye kitabu. Niliujua kwa kupigwa shoti.

Ijumaa moja mwenye karakana aliniita. Kulikuwa na afisa wa serikali huko Ipagala ambaye muziki wake mpya ulikuwa unanguruma. Mafundi wetu watatu walishakwenda kwa zamu. Kila mmoja alifungua amplifaya, akabadilisha kitu, akarudi na kifaa cha zamani mfukoni kama daktari aliyeng'oa jino. Ngurumo haikung'oka.

"Umebaki wewe," mwenye karakana akasema. "Jumapili mtoto wake anapata kipaimara, wageni ni wengi. Ukishindwa, Jumatatu usihangaike kuja."

Alijua kuwa nyumbani kwetu tulikula kwa kazi ile. Alijua pia kwamba hakuna mwingine ambaye angekubali kuibeba lawama hiyo.

Nilifika Jumamosi mchana, nikamwamkia afisa. "Marahaba," akajibu, akichungulia nyuma yangu. "Wewe ndiye fundi, au fundi anakuja?"

Sebuleni, mkabala na mlango, ilisimama friji nyeupe, ndefu, imevikwa kitambaa cha kufuma. Jikoni haikuwahi kuingia. Huko nani angeiona? Ubavuni mwake kulikuwa na muziki: amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili zilizonifika kifuani, kila kimoja na kitambaa chake. Friji ilikuwa na stebilaiza, lile boksi zito la kutuliza umeme, na juu ya boksi hilo ndipo amplifaya ilipokalishwa, ipate kimo cha kuonekana tangu barazani. Soketi ilikuwa moja, na vyote vilinyonya ekstensheni moja.

Afisa akawasha. Spika zikanguruma kama trekta linalopanda mlima.

"Mke wangu anasema ni majirani," akaninong'oneza. "Tangu tununue, salamu zao zimebadilika."

"Si majirani peke yao," mkewe akaitikia kutoka jikoni. "Hata shangazi yako mtaje!"

Nikaketi sakafuni nikasikiliza. Baada ya muda friji ikasema ta! ikanyamaza, na ngurumo ikanyamaza nayo. Friji ilipoamka, ngurumo nayo ikaamka. Nikaishusha amplifaya kutoka kwenye boksi. Kelele ikapungua, haikuisha. Basi tukaisukuma friji na boksi lake hadi jikoni, kwenye soketi ya huko. Kaseti ya kwaya ikaimba safi, hata waimbaji walivyovuta pumzi ukawasikia. Afisa akafumba macho.

Mkewe, aliyekuwa ametoka kwenda uani, akaingia sebuleni. "Friji yangu inafanya nini jikoni?"

"Ndiyo inayonguruma, mama," nikasema.

"Na wageni watajuaje kwamba tunayo?"

"Watakunywa soda baridi."

"Watasema nimezipoza kwenye mtungi!"

Friji ikarudi sebuleni, na ngurumo ikarudi nayo. Afisa akanigeukia. "Kijana, wenzako walifungua mashine. Wewe hata skrubu hujagusa. Fungua, utengeneze."

Ningeweza kufungua, nikapuliza vumbi, nikatia kitu mfukoni na kuondoka na heshima yangu. Lakini spika zingenguruma mbele ya wageni, na kazi ningeikosa vilevile.

"Sifungui, mzee. Mashine yako ni nzima. Mkitaka muziki, zimeni friji. Mkitaka friji, zimeni muziki."

"Unanipangia nyumbani kwangu?"

"Hapana, mzee. Mtapanga nyinyi."

Jumatatu nilikwenda karakana nikiwa sijui kama nitakaribishwa. Afisa alikuwa amenitangulia, akapita kunishtaki akielekea ofisini. Mwenye karakana akanisimulia yote: kwamba Jumapili friji ilisimama palepale na kitambaa kipya, imezimwa; kwamba wageni waliisifia sana, huku wakinywa soda za moto na kujipepea kwa kofia zao; na kwamba mimi nina kiburi.

"Ni kweli hukufungua?"

"Ni kweli."

"Hata skrubu moja?"

"Hata moja. Kwani amesema muziki ulinguruma?"

Akafikiri. "Hapana. Amesema kwaya ilisikika vizuri mno."

Akawatazama wale mafundi watatu, ambao ghafla kila mmoja alikuwa na kazi ya kuinamia. Kisha akavuta redio mbovu ya mteja mwingine, akaisukuma mezani mbele yangu.

"Hii," akasema, "ifungue."