Aliyeitika Jina Langu

Magugu maji yakianza kuoza hutoa harufu ambayo sijui niielezeje. Ina utamu kidogo ndani yake, ina tope, na ina kitu cha zamani sana. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Kamanga kumjulia hali shangazi, na kivuko kilipokaribia ng'ambo harufu hiyo ikanijia. Abiria wenzangu waliziba pua na kulalamika. Mimi nilijikuta nimeshika sikio, natafuta uzi ambao haujakuwepo kwa miaka mingi.

Nisiwafiche. Mimi naitwa Kulwa, na pacha wangu ni Doto. Kwetu Usukumani majina hayo hayahitaji kikao cha ukoo: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Tulifanana kiasi kwamba mama alitutia nyuzi masikioni badala ya hereni, mwekundu kwangu na mweupe kwa Doto. Watu walitazama sikio kwanza ndipo wakaita jina. Bibi peke yake, mama yake baba, hakuhitaji nyuzi. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini tukikohoa tu alijua ni nani.

Tulikaa upande wa Kamanga, nyumba ya bati juu kidogo ya ziwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa letu dogo, na kila Jumapili baada ya ugali na sato alikuwa na mgeni mmoja asiyekosa: Mjomba Lazaro, kaka yake mama, aliyefika kwa baiskeli na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mjomba alisali kanisa lingine. Walikuwa wakibishana tangu kabla hatujazaliwa, na jambo lilikuwa lile lile.

Baba alisema Mungu aliwachagua wake kabla ya kuumba dunia, na aliyechaguliwa hapotei, na ambaye hakuchaguliwa hata alie machozi ya damu hawezi kujiongeza kwenye orodha. Mjomba alisema mlango uko wazi, kila mtu ana miguu yake.

"Shemeji," Mjomba alikuwa akisema huku akichokonoa meno, "sasa wewe unahubiri ya nini kama mambo yalishaisha?"

"Nahubiri kwa sababu nimeagizwa," baba alijibu. "Wewe unahubiri kama mtu anayepiga debe stendi."

Mama aliosha vyombo akicheka. Sisi tulikaa chini ya dirisha tukimenya karanga, na kwa kweli tulifurahia. Hatukuwa na televisheni.

Sasa, Jumapili moja, tukiwa na miaka kumi, wiki mbili kabla ya kubatizwa kwetu, baba alitoa hoja aliyokuwa akiiweka akiba. Alisimulia habari ya wale mapacha wa kwenye Maandiko, mkubwa mwenye vinyweleo mwili mzima na mdogo aliyezaliwa akimshika kisigino. Walikuwa bado tumboni, alisema, hawajafanya jema wala baya, na tayari mdogo amependwa na mkubwa amekataliwa. "Tumboni, Lazaro! Hapo utaniambia nini?"

Mjomba alifungua Biblia yake, akaanza kupekua. Na mimi, niliyetangulia kutoka, niliacha kumenya karanga.

Baba hakuwa anatufikiria sisi hata kidogo. Huo ndio ulikuwa upofu wake: alikuwa na mapacha wawili ndani ya nyumba na hakuona kwamba wanasikia. Kuanzia siku hiyo nilikwenda nyuma ya nyumba kila asubuhi, nikanyoosha mikono juani na kuhesabu vinyweleo. Vilikuwepo. Nikajisemea ni vingi kuliko vya Doto. Niliona mbwa wetu anakwenda kwa Doto kwanza. Niliona kivuli changu kinachelewa kidogo kunifuata, na mpaka leo naweza kuapa kwamba kilichelewa. Niliogopa kulala karibu na Doto nisije nikamwambukiza kukataliwa.

Asubuhi ya ubatizo, mama akiwa nje anapiga pasi ya mkaa magauni yetu meupe, nilimwambia Doto tubadilishane nyuzi.

"Kwa nini?"

"Mchezo tu. Leo wewe uwe mimi."

Aliniangalia usoni. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kulegeza fundo la uzi wake mweupe.

Ukungu ulikuwa umelala ziwani, hatukuona hata mawe ya ng'ambo. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo wa jana yake mpaka ufukweni, na yananuka. Mchungaji wetu hakuwa na habari ya majina mapya. Alibatiza kwa jina alilokukuta nalo. Alisimama majini mpaka kiunoni, akatazama masikio yetu, akambatiza Doto kwa jina la Kulwa. Kisha akanibatiza mimi kwa jina la Doto. Chini ya maji niliwaza kitu kimoja tu: kwamba nimepona, na kwamba nimeiba.

Tulikuwa tunarudi nchi kavu tumeshikana mikono, wimbo umekwisha, watu wanasubiri mtoto anayefuata, nikasikia naitwa.

"Kulwa!"

Sauti ilitoka kwenye matete, upande ambao hapakuwa na nyumba, njia wala mtumbwi. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ananifahamu. Bibi alikuwa ametufundisha tangu tunatambaa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana ukiitika umekubali kwenda. Niliziba mdomo kwa mkono uliokuwa huru.

"Kulwa!"

Doto aliukaza mkono wangu. Akageukia matete, uzi mwekundu unachuruzika maji sikioni mwake, akaitika kwa sauti safi kabisa, "Abee!"

Mchungaji akatabasamu, akidhani mtoto ana furaha. Matete yalitikisika mara moja, na upepo haukuwepo. Pale ufukweni Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Siku ya tatu Doto alishikwa na homa. Zahanati walimchoma sindano, wakampa na vidonge, wakasema ni malaria kali, tumrudishe kama hali haibadiliki. Haikubadilika. Alilala macho nusu wazi, na mama akimwita kwa jina la Doto hakugeuka. Sikioni alikuwa bado ana uzi mwekundu, na mimi mweupe, na katika mshtuko ule hakuna aliyetazama tena masikio. Safari hii mama alimjua kwa moyo tu. Mimi nilijua kuna aliyekuja kumchukua Kulwa, amemkuta Doto, na hajali. Nilijua pia ningeweza kusema. Nilinyamaza siku nzima ile, na nyingine. Naona aibu mpaka leo.

Mjomba alikuja. Akaanza kusema mgonjwa aulizwe kama amemchagua Bwana, baba akasema suala si yeye kuchagua, na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akawaambia, "Tokeni. Mkabishanie huko huko nje. Mwanangu anaumwa."

Walitoka. Nilimfuata baba kwa mbali. Alikwenda nyuma ya zizi la ng'ombe, akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya shule, akalia. Yule aliyefundisha miaka yote kwamba lililoamuliwa halibadiliki, nilimsikia kwa masikio yangu mawili akisema, "Badilisha, Baba. Nakuomba. Kama uliandika hivyo, badilisha."

Nikawaza: kama baba anaweza kuomba hivyo, basi hata mimi.

Nilikwenda ziwani jua la saa saba likiwaka. Wadudu wa ziwa, wale wadogo kama mbu, walikuwa wamesimama makundi makundi juu ya maji kama nguzo nyeusi ndefu, wimawima, hazisogei. Niliingia mpaka magotini nikaelekea matete. Nilifungua ule uzi mweupe nikautupa.

"Abee!" nilisema. "Kulwa ni mimi. Yule ni Doto. Abee!"

Hakuna kilichojibu. Nilisikia maji yakilamba mabua ya matete, kisha hata hayo yakanyamaza. Nilisubiri nichukuliwe. Nilikuwa nimekubali, na cha ajabu sikuwa naogopa tena. Ndipo mkono ukanishika bega kwa nyuma, nikapiga yowe.

Alikuwa Bibi. Sijui aliteremkaje kilima kile peke yake na macho yale.

"Nilijua tangu siku ile ni nani aliyeitika," alisema. "Sasa na wewe umeshaitika. Twende nyumbani, Kulwa."

Jioni ile Doto alitoka jasho, akaomba uji. Baba alisema ni kwa sababu alichaguliwa. Mjomba alisema ni kwa sababu tuliomba. Jumapili iliyofuata walikuwa wamekaa pale pale, wanabishana, sato mbele yao, lakini niliona baba hataji tena wale mapacha.

Miaka mingi niliamini kwamba swali kubwa la maisha yangu ni kama nilipendwa kabla sijazaliwa. Juzi, nikiwa nyumbani kwangu Kiseke, upande huu wa ziwa, na harufu ya Kamanga bado imenikaa kichwani, nilimpigia Doto simu. Yeye anaishi Kisesa, safari ya daladala kutoka kwangu, ana duka la vitambaa na wajukuu wawili. Nikamuuliza kile nilichoogopa kumuuliza muda wote: alijua kwa nini nilitaka tubadilishane?

"Si nilikuwa nimekaa na wewe chini ya dirisha?" alisema. "Nilimsikia baba kama ulivyomsikia."

"Sasa kwa nini ulikubali? Kwa nini uliitika?"

"Ulikuwa unatetemeka, Kulwa. Nikaona kama ni kwenda, usiende peke yako."

Nililia, kwa kuwa mtu aliyenipenda tangu tumboni nilikuwa naye muda wote, na mimi nilikuwa nahesabu vinyweleo.

Tukiwa bado kwenye simu, mtu akaita nje ya geti. "Kulwa!" Mara moja tu. Kwa mafundisho ya Bibi, sikuitika. Na kutoka Kisesa, ndani ya simu, nikamsikia Doto akiitika, "Abee!"

Nilikwenda kufungua geti. Hapakuwa na mtu, barabara nzima ilikuwa tupu. Nikairudisha simu sikioni, na Doto alikuwa bado yupo.