Hakuna Aliyefariki

Alhamisi ile Mama Rukia alipanga karoti zake kama kawaida, akafuta vumbi kwenye spika ndogo aliyonunua kwa Dotto fundi simu, akabonyeza kitufe. Saa tatu asubuhi soko la Lushoto lilikuwa limeshajaa, ukungu bado umekaa upande wa Magamba na wauzaji wengi hawajavua masweta. Kushoto kwake muuza mitumba alikuwa anapiga bongo fleva. Kulia, kipaza sauti cha muuza dawa kilirudia maneno yale yale: panya, kunguni, mende, panya, kunguni, mende. Katikati ya makelele hayo zikaingia fidla, nyingi, taratibu, kama watu wanaopanda mlima na mzigo wasiotaka kuutua.

Mwanamke aliyekuwa anachagua karoti akasimamisha mkono.

"Mama, nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Chagua karoti."

Mwanamke hakuchagua. Alirudisha fungu mezani, akaenda kunong'ona na muuza kabichi. Si kosa lake. Kila mtu nchini anajua kwamba redio ikikatiza vipindi ghafla na kuanza muziki wa polepole usio na maneno, basi kuna mkubwa ameondoka, na kinachofuata ni tangazo. Muuza kabichi akamwambia muuza viazi. Kabla kile kipande hakijafika mwisho, mwenye duka la vitambaa alikuwa ameshusha mlango nusu, mabinti wawili wa mama lishe wanalia bila kujua wanamlilia nani, na mtu mmoja yuko kwenye simu anauliza ndugu zake wa Tanga kama wamesikia.

Ndipo akaja Masudi, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko, mtu wa miaka arobaini na ushee, anatembea haraka.

"Mama Rukia, zima hicho kitu."

"Hata shikamoo hujanipa."

Masudi akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sema."

"Umetia watu hofu. Soko zima linauliza nani amekufa. Zima."

"Wamekuuliza wewe?"

"Wameniuliza."

"Basi wajibu. Waambie hakuna."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Masudi akashusha sauti, lakini si sana. "Na wewe ni Muislamu, mama yangu. Unapiga muziki wa kanisani hadharani, haikusumbui?"

"Huu si wa kanisani. Na hata ungekuwa wa kanisani, masikio yangu hayajabadili dini." Akanyoosha kidole kulia. "Yule anatangaza mende tangu alfajiri. Mende wana haki ya kusikika humu sokoni, mimi sina?"

Mtu akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo, maana Masudi aliyekuja kuomba sasa akaona amedharauliwa. Akainama, akachomoa waya, akatamka mbele ya wote kwamba Mama Rukia hatauza tena kwenye ile meza mpaka aombe radhi kwenye kikao cha Jumamosi.

Jina la Mama Rukia hasa ni Mosi Shechambo. Alizaliwa kwenye kitongoji cha juu ya bonde, upande wa Vuga, na siku aliyofukuzwa mezani alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mwenye binti mmoja, Rukia, mwalimu huko Korogwe. Aliyemjua kwa juu juu angeshangaa mwanamke wa karoti amepata wapi muziki wa okestra.

Aliupata akiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka ule gari la sinema lilikuja bondeni, likafunga shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, na kijiji kizima kikateremka. Baba yake hakumruhusu. Mtoto wa kike, alisema, hana la kutazama kule. Mosi akabaki juu, amekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, na kutoka pale hakuona hata mwanga wa shuka. Lakini sauti ilipanda bonde. Maneno ya filamu yalifika yamevunjika, hayaeleweki. Muziki ulifika mzima. Kulikuwa na mahali mwanamke analia, kisha kimya, kisha fidla zinaanza chini chini na kupanda, na nyuma yake ngoma nzito kama moyo. Mosi akajua nyumba inaungua. Aliona paa linashika moto, aliona mwanamke anaingia ndani kuokoa kitu, aliona anatoka. Filamu nzima aliitengeneza kichwani, akiwa juu ya jiwe, miguu imekufa ganzi kwa baridi.

Ule wimbo haukumtoka. Aliuimba kwa mdomo uliofungwa akipalilia, akiwa leba, akimwosha mumewe kabla hajaenda kuzikwa. Hakujua una jina.

Miaka sita iliyopita alipeleka simu yake kwa Dotto ibadilishwe kioo, na wakati anasubiri akawa anauimba. Mwanaume mmoja mzee aliyekaa kwenye benchi, redio yake mapajani, akainua kichwa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ni yangu."

"Si yako, mama. Huo ni muziki wa filamu. Ile ya mwanamke anayevuka mto kumtafuta mwanawe. Niliiona Tanga nikiwa chuo cha ualimu, mara tatu."

Huyo ndiye Mwalimu Zabron, mstaafu, aliyefundisha kwaya miaka thelathini. Dotto, kijana asiyependa kushindwa na simu, akatafuta hapo hapo kwenye mtandao mpaka akaupata. Ulipoanza kutoka, Mama Rukia alishika ukingo wa meza ya Dotto. Hakulia. Alisema tu, "Zamani ulikuwa unatoka mbali."

Dotto akampa simu. "Filamu yenyewe hii hapa, mama. Itazame."

"Sitaki."

"Miaka yote hiyo, hutaki kuona?"

"Baba alininyima picha, nikajitengenezea yangu. Leo mnataka kunipa ya mto? Mimi niliona moto. Nitabaki na moto wangu."

Mwalimu Zabron alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Jumamosi iliyofuata alimletea kipande cha kinanda peke yake, kilichotungwa Ulaya miaka mia mbili iliyopita, na Mama Rukia akamwambia kinasikika kama mtu anayekagua nyumba tupu, chumba kwa chumba. Wiki nyingine akaja Esta, fundi cherehani, ambaye kumbe alikuwa na flashi iliyojaa muziki wa filamu za vita na hakuwahi kumwambia mtu. Akaja bwana mmoja wa shamba la miti kule Shume aliyependa tarumbeta tu. Walifika kumi na mmoja. Walikutana kibandani kwa Dotto baada ya sala ya alasiri, kila mmoja na kipande chake, na Mama Rukia ndiye aliyeweka sharti: ni marufuku kusema "mzuri". Sema umeona nini. Sema muziki umekupeleka wapi. Asiyeona kitu aseme hajaona kitu, na hakuna wa kumcheka.

Ndiyo maana Alhamisi ile, spika yake imechomolewa waya mbele za watu, hakuwa mwanamke aliyekatazwa kelele tu. Alikuwa amenyang'anywa kitu alichokingoja karibu miaka arobaini.

Habari zilifika Korogwe kabla hajafika nyumbani. Rukia akapiga simu.

"Mama, omba radhi yaishe. Neno moja tu."

"Radhi ya nini?"

"Ya... ya kuwatia watu hofu. Mama, watu wananitumia ujumbe wananicheka. Wanasema mama yako anapiga muziki wa msiba sokoni."

"Waambie ni kweli anapiga, ila si wa msiba."

"Kwani ukisikilizia nyumbani utapungukiwa nini?"

Mama Rukia akasema, "Nilisikilizia nyumbani nikiwa mdogo. Inatosha." Akakata simu.

Ijumaa Mwalimu Zabron alikuja kwake na fimbo yake, akakaa, akakubali chai, akazungusha maneno weee, mwisho akatoa alilokuja nalo. Yeye ni mtu mzima, anaheshimika, Masudi alikuwa mwanafunzi wake. Angeweza kuomba radhi kwa niaba ya kikundi chote na meza ikarudi.

"Mwalimu," alisema Mama Rukia, "ukifanya hivyo usinikaribishe tena Jumamosi."

"Nakutetea wewe."

"Hunitetei. Unawaambia tulikuwa tunafanya kitu cha aibu. Mimi siku zote nadhani tunafanya kitu kizuri. Sasa niambie wewe uliyenifundisha majina yake yote: ni kizuri au cha aibu?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Ni kizuri."

"Basi kunywa chai."

Kikao cha Jumamosi kilifanyika chini ya bati la soko, watu kama hamsini. Masudi alieleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi, hilo lazima asifiwe. Kisha akamwita Mama Rukia aseme neno lake. Akasimama na kanga yake begani. Esta na Dotto walikuwa nyuma. Mwalimu Zabron alisimama karibu kabisa, mikono juu ya fimbo.

"Aliyeshtuka, nampa pole," alisema. "Pole natoa. Radhi sitoi. Sikumtangazia mtu kifo. Mnasema muziki huu ni wa msiba kwa sababu mmeusikia msibani. Sanda ni nyeupe. Na kanzu ya Idi ni nyeupe. Mbona siku ya Idi hamkimbii?"

Kukawa na minong'ono. Akaendelea kabla haijafa.

"Mimi huu muziki niliusikia siku ya furaha. Kijiji kizima kilikuwa bondeni kinatazama sinema. Waliotazama wamesahau. Mimi niliyeachwa juu ndiye ninayeukumbuka. Niliona mwanamke anaingia kwenye nyumba inayoungua. Naomba dakika nne niwapigie, kisha mniambie nani amekufa humo ndani."

"Hatukuja kusikiliza muziki," alisema Masudi.

Mzee Abdi, muuza viazi ambaye kwa kawaida husinzia kwenye vikao, akasema, "Dakika nne si nyingi. Acha upigwe."

Ukapigwa. Wapo waliocheka mwanzo, wapo waliotoa simu zao wakapekua mambo mengine. Fidla zilipoanza kupanda na ile ngoma ikaingia, bati lote likaitikia. Ulipokwisha, muuza kabichi, yule yule aliyesambaza habari za kifo, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mwanamke alitoka?"

"Alitoka," alisema Mama Rukia.

Ingependeza kusema kwamba soko liligeuka. Halikugeuka. Mikono ilinyooshwa ikahesabiwa: waliotaka arudi na spika yake walikuwa kumi na saba, waliokataa wakawa wengi kuliko hao. Uamuzi ukawa kwamba meza anaweza kuipata akiomba radhi, na muziki wa aina ile usipigwe tena ndani ya soko. Masudi akamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia. Umesema ndani ya soko."

"Ndiyo."

"Sawa."

Alhamisi iliyofuata hakuonekana mezani. Alikuwa nje ya geti, kando ya barabara, karoti zake kwenye turubai, spika juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake palikuwa na ubao wa kasha, umeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono wa Mwalimu Zabron, herufi zimenyooka kama mistari ya daftari: HAKUNA ALIYEFARIKI. NI MUZIKI TU. KARIBU KAROTI.

Watu walisoma, wakacheka, wakasimama. Abiria wa mabasi walipiga picha. Wengine walinunua, wengine hawakununua. Wapo waliopita wakitikisa kichwa, na mama mmoja wa makamo alimwambia kwa Kishambaa kwamba ujane umempanda kichwani. Akamjibu kwa Kishambaa hicho hicho jibu lililomfanya Esta, aliyekuwa amekaa pembeni, azibe mdomo kwa kanga asicheke. Nje pale hakuna paa wala kivuli, na mara mbili gari la mchanga lilimrushia vumbi kwenye mboga zote. Hakurudi ndani.

Wiki ya tano Masudi akatoka getini. Safari hii alianza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Rukia, wenzangu wameona hii si picha nzuri, wewe kukaa vumbini. Rudi mezani. Radhi tumeifuta. Ila spika iache nyumbani."

"Meza nimeizoea," alisema. "Spika nimeizoea zaidi."

"Mama, mbona mgumu hivi?"

"Wewe ndiye uliyetoka nje kuja kuniona. Mimi sijaondoka hapa."

Masudi akabaki amesimama. Kipande kilichokuwa kinapigwa kilikuwa cha kinanda na okestra, kirefu, na kilikuwa bado hakijafika katikati. Akasikiliza, au labda alikuwa anatafuta neno la kuondokea.

"Hiki kinachukua muda gani?"

"Dakika thelathini na mbili."

"Kirefu mno."

"Karoti inakaa ardhini miezi mitatu. Hujawahi kuniambia ni mirefu mno."

Masudi akatabasamu bila kupenda, akarudi ndani. Hajabadili uamuzi, na Mama Rukia hajabadili wake. Rukia naye hajakubali mpaka leo. Akija likizo hupita geti la nyuma. Lakini wale wa Jumamosi walihamia kando ya barabara, wakiwa na vigoda vyao, na sasa ni kumi na tisa, pamoja na muuza kabichi, ambaye kila kipande anachosikia anaona harusi na hakuna wa kumkataza.

Juzi mvua ilinyesha ghafla ikitokea Magamba, matone makubwa. Wenye biashara za kando walikimbiza mizigo chini ya bati. Mama Rukia alivua kanga ya begani, akaifunika spika kwanza, akaikunja vizuri isiingie maji. Kisha akakaa papo hapo, mvua inampiga, karoti zinaoshwa bure, na fidla zinaendelea chini ya kitambaa.